Maji ya Mbwa, Maji ya Baba

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mkunga wa zahanati ya misheni kwenye vilima vya Mbeya, upande ule ambao ukisimama asubuhi unaiona barabara ya Iringa ikiteremka kuelekea nyanda za Usangu. Nilikuwa bado kijana, sijaolewa. Nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili, kimoja changu na kingine cha baba. Baba alikuja kukaa nami baada ya mama kufariki. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyemaliza ujana wake akichimba dhahabu Lupa na kurudi na kikohozi pamoja na koti moja zuri la kwendea kanisani.

Wa tatu katika nyumba alikuwa mbwa. Alikuwa jike, mwenye rangi ya udongo mkavu na masikio yaliyosimama. Nilipewa akiwa mdogo na mama mmoja niliyemzalisha mapacha. Aliniambia, "Nesi, huwezi kuwa unatembea porini peke yako kama mtu asiye na kwao." Na kweli kazi yangu ilikuwa ya kutembea. Wanawake wa vilimani wakati ule hawakuwa wakija zahanati kujifungua. Walimtuma mtu, nami nikabeba begi langu nikamfuata. Mbwa alitangulia. Penye nyoka alisimama. Penye harufu ya chui alirudi nyuma akajibana kwenye magoti yangu, nami nikajua ni wakati wa kupiga kelele. Tukifika kwa mzazi, yeye alilala mlangoni mpaka mtoto alie. Watu walimzoea hata ikawa wakimwona yeye anakuja kwenye njia, wanaanza kuchemsha maji, maana walijua nami niko nyuma yake.

Mwaka ninaousimulia, kipupwe kilikuwa kikali. Sakitu, ule umande ulioganda, iliunguza majani ya viazi, na maji ya kwenye ndoo asubuhi yalikuwa na ngozi nyembamba ya barafu juu yake. Niligundua njiani kwamba mbwa hayuko sawa. Alichuchumaa, akasogea kidogo, akachuchumaa tena, akanitazama. Hakuna kilichotoka. Tulipanda kilima kizima kwa namna ile, akisimama kila mara, na pale juu, kwenye nyasi zilizokuwa nyeupe kwa baridi, niliona matone machache mekundu.

Nyumbani alianza kujilamba bila kupumzika. Chakula alikigusa kidogo tu. Tumbo lake upande wa chini lilionekana limejaa, na jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa akija kuomba moto kwetu, alimtazama akasema, "Mbwa wako ana mimba, nesi. Umekuwa ukizalisha watu wa kila mahali, sasa utazalisha nyumbani kwako."

Sikuona kama ni mimba, lakini mikono yangu haikuwa na kazi nyingine iliyoijua vizuri zaidi. Nikamlaza kwenye gunia juani, nikapasha vidole moto kwa kuvifikicha, nikampapasa kama ninavyowapapasa wanawake. Nilitafuta kichwa. Nilitafuta mgongo. Nilichokikuta chini kabisa, mbele ya mapaja, kilikuwa ni kitu cha duara, kigumu. Nilipokibonyeza polepole nikasikia kwa vidole kitu kikisuguana ndani, kama kokoto zilizotiwa kwenye kifuko cha kitambaa. Mbwa alilia kidogo. Nikatoa mikono yangu haraka.

Katika masomo ya ukunga tulikuwa tumefundishwa juu ya mawe ya kibofu kwa binadamu, nami nilishamwona mwanamke mmoja aliyekuwa nayo. Sikujua kwamba mbwa naye huyapata. Lakini jiwe ni jiwe, na kibofu ni kibofu. Nikaingia ndani kumweleza baba.

Baba alikuwa ameketi karibu na moto na blanketi magotini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Anaumwa sana?" akauliza.

"Sana, baba. Ukimwona anavyojikunja utamhurumia."

"Na dawa yake ni nini?"

"Nadhani ni kupasuliwa tu. Mawe yenyewe ni mengi."

"Kupasuliwa!" Alilitamka neno hilo kwa sauti ambayo sikuizoea kwake. "Wakimpasua atakufa." Akalitupa blanketi pembeni, akainuka, akatoka nje. Alikaa huko muda mrefu. Nilidhani ni huruma ya mbwa, maana walikuwa marafiki, wakishinda pamoja juani nisipokuwa na safari.

Kesho yake nilishuka mjini kwenye ofisi ya mifugo. Karani aliniambia bwana mifugo yuko Usangu, anachanja ng'ombe, na hajulikani atarudi lini. "Tena hata angekuwepo," akasema, "huyu wetu ni wa sindano. Wa kupasua yuko Iringa."

Iringa ilikuwa safari ya siku nzima kwa lori, lori lenyewe likiwa zima. Nikaenda kwa Mhindi mmoja mwenye duka karibu na soko, ambaye mkewe nilimsaidia alipojifungua mtoto wa kwanza. Lori lake lilikuwa likishuka Rujewa kuchukua mchele na kuupeleka Iringa. Nyumba ile haikuwa ikila nyama wala samaki wala yai, na nilikuwa na wasiwasi kidogo kwamba atacheka nikimwambia nasafiri kwa ajili ya mbwa. Hakucheka. Aliniuliza kama mbwa anauma watu.

"Hapana. Anaumwa yeye."

"Basi akae mbele na dereva," akasema. "Juu ya magunia kuna upepo mbaya. Atakufa kabla hamjafika Chimala."

Baba alitusindikiza mpaka barabarani. Alimshika mbwa kichwani, akamwangalia machoni, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukiona wanataka kumfanyia vibaya, mrudishe. Afie kwao."

Safari ile naikumbuka kwa vituo vyake. Kila baada ya mwendo kidogo mbwa alianza kuhema na kukwaruza mlango, nami nikamwomba dereva asimame. Tulishuka, mbwa akachuchumaa kando ya barabara, akatoa tone au asitoe, tukapanda tena. Dereva alikuwa mtu wa maneno.

"Dada, kwa mwendo huu tutafika Iringa Krismasi."

"Nisamehe, kaka. Akijizuia atapasuka."

"Na mimi nikichelewa, tajiri wangu atanipasua."

Lakini tulipofika chini, kwenye joto la Rujewa, wakati wanapakia mchele, nilimwona akimwekea mbwa maji kwenye kifuniko cha debe. Mbwa akayanywa yote. Huku kwetu kwenye baridi alikuwa hagusi maji siku nzima, na hilo nililiweka akilini. Kuanzia Rujewa mpaka Makambako dereva alikuwa akisimama mwenyewe kabla sijasema neno, anazima moto, anashuka kunyoosha miguu, anaangalia pembeni kwa heshima kana kwamba ni mke wa mtu anayechuchumaa pale.

Tuliingia Iringa jua likizama. Nilikuwa na mwenzangu pale, tuliyesoma naye ukunga, amepanga nyumba karibu na hospitali. Tulilala kwake. Asubuhi tukaenda kwa bwana mifugo.

Alikuwa Mwingereza wa makamo, mwenye mikono mikubwa na nywele zikimtoka masikioni. Kiswahili chake kilikuwa cha porini, cha mtu aliyejifunza kwa wachungaji wa ng'ombe, lakini alikisema bila haya. Nilimkuta akinawa kwenye karai.

"Huyu ana nini?"

"Ana mawe kwenye kibofu, bwana."

"Nani kasema?"

"Nimeyashika. Mimi ni mkunga."

Akakausha mikono, akapiga goti moja chini, akampapasa. Alifumba macho kama ninavyofumba mimi nikitafuta mtoto amekaaje. Halafu akatikisa kichwa kukubali.

"Ni mengi sana," akasema. "Mkunga, umewahi kuona damu, kwa hiyo huwezi kuanguka. Msaidizi wangu yuko safarini. Utanisaidia?"

Nilimsaidia. Tulimlaza mbwa chali kwenye meza ya mbao, tukamfunga miguu, na mimi ndiye niliyemdondoshea dawa ya usingizi kwenye kitambaa puani. Harufu yake tamutamu ilinipa kizunguzungu. Nilimnyoa tumbo kwa wembe. Bwana mifugo alipasua katikati, taratibu, akakitoa kibofu nje na kukizungushia vitambaa vilivyolowekwa maji ya chumvi. Kilikuwa kinene, chekundu, kimekasirika. Alipokikata, alichukua kijiko cha kawaida kilichochemshwa, akaanza kuchota.

Yalikuwa ya rangi ya maziwa yaliyochacha. Mengine madogo kama punje za mtama, mengine kama njegere, na moja, kubwa kuliko yote, lilikuwa kama yai la njiwa, laini kila upande kwa kusuguana na wenzake. Kila lilipoanguka kwenye bakuli la bati lilitoa mlio. Nilikuwa nikisikiliza pumzi ya mbwa kwa sikio moja na mlio ule kwa sikio la pili. Mwisho alikiosha kibofu kwa bomba la sindano, akapitisha kidole ndani kuhakikisha hakuna kilichobaki, akashona. Alishona vizuri, kushinda madaktari wengine wa watu niliowaona.

"Sasa," akasema alipokuwa ananawa, "kumpasua ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni chakula. Anakula nini kwako?"

"Ugali, bwana. Na mifupa ya buchani, na maini yanapopatikana."

"Maji?"

"Hapendi. Kwetu ni baridi."

"Mifupa basi. Maini na figo basi. Nyama isiyo na mafuta, kidogo, uichemshe, na mchuzi wake wote apewe. Wali uliolainika sana, au uji. Chakula chake kiwe cha kunywa kuliko cha kutafuna. Chumvi kidogo tu, apate kiu. Maji uyapashe moto kama ya mtoto mchanga, atakunywa. Na mlango usifungwe. Akitaka kutoka, atoke, hata kama ni mara mia. Mkojo ukikaa sana ndani unaoza, halafu mawe yanaota." Akanipa vidonge vya salfa kwenye kikaratasi. "Hivi vinaua ugonjwa uliokuwa kibofuni. Lakini bila maji mengi vyenyewe vitaleta mchanga mwingine. Umeelewa?"

Nilimwambia nimeelewa. Nikamwuliza kama atapona.

"Akikojoa vizuri kesho, atapona."

Mbwa alizinduka nyumbani kwa mwenzangu, akiwa analewalewa na kupepesuka. Tulimkatia gauni kuukuu la kitenge, tukamvalisha na kulifunga mgongoni ili asijilambe nyuzi. Alionekana kama bibi kizee anayekwenda ibadani. Watoto wa jirani walijaa mlangoni kumtazama.

Asubuhi alisimama mwenyewe. Nilimfuata nyuma ya nyumba, nikamwinulia gauni. Akachuchumaa. Nami nilisimama pale, nimeshika upindo wa gauni la mbwa, sithubutu kupumua. Kisha ukatoka mkojo, mkondo mmoja, mrefu, usiokatika, wenye rangi ya waridi mwanzoni na kisha rangi yake ya kawaida. Uliendelea na kuendelea. Alipomaliza alijikung'uta, akanitazama kwa mshangao, kana kwamba alikuwa amesahau kuwa jambo lile linaweza kufanyika bila maumivu.

Nikaanza kulia. Mwenzangu alitoka na mswaki mdomoni.

"Amekufa?"

"Amekojoa."

"Na wewe unalilia mkojo wa mbwa?" Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka pamoja naye huku machozi yanashuka.

Tulikaa Iringa mpaka nyuzi zikatolewa, kisha tukarudi kwa lori lilelile. Dereva alipomwona mbwa akiruka ndani mwenyewe alipiga honi bila sababu yoyote. Mawe niliyabeba kwenye kikopo cha bati. Nilipofika nilimpa baba ayaone. Aliyamwaga kiganjani, akayasogeza kwa kidole, akayapeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Yote haya yalikuwa ndani yake?"

"Yote, baba."

"Naye alipasuliwa, na hakufa."

"Hakufa. Si unamwona?"

Mbwa alikuwa miguuni pake, amelaza kidevu kwenye kiatu chake. Baba aliyamimina tena kikoponi, akanirudishia.

Basi nyumba yetu ikageuka jiko la mbwa. Asubuhi nilichemsha nyama kidogo niliyoikata vipande vidogo vidogo, nikaitia mchele wa Rujewa aliotupatia yule mwenye duka, nikaacha vichemke mpaka vikawa karibu na uji. Sufuria ya mchuzi ilikaa kando ya moto siku nzima, ya vuguvugu. Jirani yangu alikuja kuomba moto, akafunua kifuniko, akanusa.

"Hii ya mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Mgonjwa mwenyewe ni yule mwenye mkia?"

"Ndiye."

Alikwenda kuitangaza habari hiyo mpaka kisimani. Kanisani Jumapili watu waliniangalia kwa tabasamu. Sikujali. Mbwa alikuwa akinywa, akitoka nje, akirudi, akinywa tena. Nilipokwenda kuzalisha nilimwacha nyumbani mpaka apate nguvu, na baba ndiye aliyemhudumia. Alifanya hivyo kwa bidii iliyonishangaza. Mwanamume wa umri wake, aliyekuwa hajui hata chumvi inakaa wapi, sasa alikuwa akikoroga sufuria. Niliporudi jioni nilikuta mchuzi umekwisha kabisa.

"Amekunywa wote?"

"Umekwisha," baba alijibu.

Nikaongeza maji siku iliyofuata. Nao ukaisha.

Alasiri moja tulikuwa tumeketi uani tunapukuchua maharage. Jua lilikuwa zuri, lile jua la kipupwe linalochoma mgongo wakati miguu iko kwenye baridi. Mbwa alilala kati yetu. Baba hakuwa akinitazama. Alikuwa akifungua maganda taratibu na kuyapanga.

"Mama," akaniita, kama alivyozoea kuniita akiwa na jambo. "Huyu mbwa, kabla hajapasuliwa, alikuwa akitokwa na damu?"

"Ndiyo, baba."

"Mwanzoni, au mwishoni, maji yakiwa yanakwisha?"

Mikono yangu ilisimama. Hakuna mtu anayeuliza hivyo juu ya mbwa.

"Mwishoni," nikasema.

"Na maumivu, yalikuwa yanashuka mpaka kwenye mapaja?"

"Sijui, baba. Mbwa hasemi."

"Ndiyo," akasema baba. "Hasemi."

Nikayatazama maharage. Inabidi nieleze jinsi tulivyolelewa. Kazini nilikuwa nikitamka kila kiungo cha mwili mbele ya watu nisiowajua. Lakini kwa baba yangu, mimi binti yake, sikuwa nimewahi hata kulitaja neno mkojo isipokuwa la mbwa. Naye angekufa kabla hajanitajia lake. Ghafla nikaona yote kwa pamoja: jinsi alivyokuwa akitoka nje mara kwa mara na kukawia, alivyoacha kukaa mbele kanisani, alivyolipokea lile neno la kupasuliwa. Na ile sufuria. Nilitamani kumshika mkono. Badala yake nikaendelea kupukuchua, nikamjibu kwa lugha aliyoichagua mwenyewe.

"Mbwa akiwa dume, tena mzee, mara nyingi hahitaji kisu," nikasema. "Huenda ni kijiwe kimoja tu. Kwanza anapelekwa hospitali ya serikali akaangaliwe. Anaangaliwa na daktari mwanamume."

"Mwanamume."

"Mwanamume, baba, mtu mzima. Binti wa nyumba haingii wala haulizi."

Alifungua ganda moja, akafungua la pili.

"Na huyo mbwa anaweza kwenda lini?"

"Hata kesho, kama yuko tayari."

"Atakwenda na nani?"

"Na mimi, mpaka mlangoni."

Baba alivuta pumzi ndefu, akaitoa. "Basi tutaona," akasema, na nilijua amekubali.

Kesho yake alivaa lile koti la kanisani. Tulishuka pamoja, mbwa nyuma yetu, na hospitalini nilizungumza pembeni na msaidizi wa daktari, mtu wa makamo kutoka Njombe, nikamweleza kwa maneno machache. Alinielewa mara moja. Alimwamkia baba shikamoo kwa adabu, akamchukua kwa mkono kama mgeni wa heshima, wakaingia. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi na mbwa. Nilikuwa nimekaa nje ya milango mingi katika kazi yangu, lakini mlango ule ulikuwa mzito kuliko yote.

Walipotoka, daktari mwenyewe aliniita. Baba alikuwa na kijiwe kimoja, na kilikuwa kimeshuka karibu na njia. Alikuwa pia na homa ndogo aliyoificha. Walimlaza siku chache wampe dawa. "Ni kidogo," daktari akasema. "Tutajaribu maji kabla ya kitu kingine. Anywe, anywe, anywe. Ajabu ni kwamba mkojo wake ni mwepesi kuliko nilivyotegemea. Anaonekana ameshaanza kunywa muda sasa."

"Alikuwa akimsaidia mgonjwa mwingine," nikamjibu.

Aliporudi nyumbani nilipika sufuria moja kubwa, bila kusema ni ya nani. Nilimwekea baba birika la maji ya vuguvugu karibu na kiti chake na karai la mbwa pembeni, na wote wawili wakawa wakinywa na kutoka, wakinywa na kutoka. Jirani alipouliza, nilimwambia baridi ya mwaka huu inataka mchuzi. Sasa kila nilipowaona wakiinuka pamoja kuelekea nyuma ya nyumba, mmoja akikata kushoto kwenye migomba na mwingine kulia kwenye choo, niliacha kidogo kile nilichokuwa nakifanya, nikasikiliza.

Niseme hapa habari ya mbwa, kwa sababu najua mtu atauliza. Alipona. Manyoya ya tumboni yaliota upya, laini na meusi kidogo. Alirudi kwenye njia za vilima kabla mvua hazijaanza, na aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mara moja tu, kipupwe kingine, niliona tena rangi nyekundu kwenye nyasi, nikakimbilia salfa na maji ya moto na ikapita. Mifupa hakuionja tena nyumbani kwangu. Majirani wakichinja nilikuwa nikimshika mimi mwenyewe.

Na baba. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, nami nilikuwa uani ninafua. Mtu ambaye katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akipaza sauti alipiga ukelele kutoka chooni.

"Limetoka!"

Niliacha nguo zikaanguka kwenye vumbi. Jirani alichungulia kutoka kwenye uzio wake. "Nini kimetoka? Nyoka?" Mbwa alikimbia akabwekea mlango wa choo. Kisha baba akatokea, mkono mmoja umefumbwa, mwingine umeshika suruali, uso umelowa jasho na unang'aa. Alikuja mpaka kwenye karai langu, akakiosha kile kitu kwenye maji ya sabuni, akaufumbua mkono. Kijiwe chenyewe kilikuwa kidogo, kirefu kidogo, chenye ncha, kama punje ya mchele iliyovunjika.

"Kitu hiki," akasema. Alikigeuza. "Kitu hiki tu ndicho kilichonifanya nikae macho tangu mwaka juzi."

Aliketi kwenye gogo la kupasulia kuni. Na hapo, kwenye jua, bila kutumia mbwa wala mnyama mwingine yeyote, aliniambia habari ambayo hata mama hakuijua. Kaka yake, aliyechimba naye Lupa, alikufa kambini kwa kufungwa mkojo. Tumbo lilimvimba, na hakukuwa na mtu wa kumsaidia wala gari la kumchukua. Baba ndiye aliyemshika mpaka mwisho. Tangu maumivu yake mwenyewe yalipoanza, alijua atakufa vilevile, na aliona afadhali afe akiwa amenyamaza kuliko kumwambia binti yake.

"Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kuzikwa," akasema. "Pale, juu ya shamba la viazi. Nilitaka kukuonyesha, nikashindwa kupata maneno ya kuanzia."

Nilipiga magoti nikaanza kuziokota zile nguo, nikizikung'uta vumbi moja moja, ili asinione uso.

Alikaa pale kitambo akijipapasa tumbo, akisubiri maumivu ambayo hayakuja. Kisha akajinyoosha, miguu mirefu mbele yake, akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesahau namna ya kucheka.

"Mama," akasema, "leo nisongee ugali. Ugali mgumu, wa kukata kwa mkono, na kipande cha nyama ya kutafuna. Nimechoka kula chakula cha mbwa."